Kitwitwi Naye ni Ndege

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti tope la Jamaica Bay lilinishika. Mguu ukatoka, gambuti likabaki. Kikundi chetu cha watu kumi na wawili kilikuwa kimeshatangulia, maana simu ya kiongozi ilikuwa imelia: upande wa kaskazini wa bwawa ameonekana ndege adimu. Tulikuwa tumesimama mbele ya mamia ya vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, nao tukawaacha kama watu wanaohama kituo baada ya kusikia basi linapita barabara nyingine. "Hao ni wa kawaida," kiongozi alisema, huku anakunja miguu ya darubini yake.

Neno hilo ndilo lililonikera.

Kwa asiyepajua, Jamaica Bay ni hifadhi ya ndege iliyo ndani ya jiji la New York, wilaya ya Queens. Unashuka treni ya A kituo cha Broad Channel, unatembea dakika kama ishirini, umefika. Uwanja wa ndege wa JFK uko ng'ambo ya maji. Ndege wanatua na ndege zinatua. Sarufi tu ndiyo inayowatenganisha. Bwawa la Mashariki, ambako vikundi hupenda kwenda, lilitengenezwa na watu, na kila kiangazi maji yake yanatakiwa kupunguzwa ili tope lijitokeze. Mwaka ambao maji hayakupunguzwa vya kutosha, ndege hawana pa kukanyaga, wala sisi.

Mimi mtu wa Kilifi nilichelewa kuuzoea mpango wa saa. Kwetu unashuka pwani maji yakipwa. Hapa unangoja yajae: ghuba ikifunikwa, ndege waliokuwa wametawanyika huko nje wanakimbilia bwawani, ambako hakuna kupwa wala kujaa. Ukifika saa hiyo, wanakuja wenyewe hadi mbele yako. Ndiyo maana sielewi haraka ya kuwafuata wengine.

Nilirudi nyuma na mama mmoja mtu mzima, yule aliyenivuta mkono nisianguke. Akateremsha darubini yake ya miguu mitatu ifike kwenye macho yangu. "Tazama mgongo," akasema. Kitwitwi wa kwanza alikuwa na manyoya yaliyochakaa kama kanga iliyofuliwa mno. Wa pili, hatua mbili kutoka kwake, kila unyoya ulikuwa na ukingo mweupe safi, kama magamba ya changu aliyetoka majini sasa hivi. Huyo ni kinda wa mwaka huu, miezi miwili hivi tangu aanguliwe kwenye nyanda za Aktiki.

Ndege huyu ana uzito wa gramu 25 hivi. Mama yake humwacha kabla hajaweza kuruka, baba naye hufuata baadaye kidogo. Kinda anabaki, ananenepa, kisha anaondoka kuelekea pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini, ambako hajawahi kufika na hana mzazi wa kumwonyesha njia. Wengi wao hukata Atlantiki zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua. Huyo ndiye tuliyeambiwa ni wa kawaida.

Na hata huo ukawaida una mashaka. Hesabu zilizofanywa kutoka angani kwenye pwani hiyo ya Amerika Kusini miaka ya 1980, ziliporudiwa mwaka 2008, zilionyesha vitwitwi hawa wamepungua sana. Kikundi kinachokimbilia adimu tu kitakuja kumtambua kitwitwi siku naye atakapokuwa adimu.

Sisemi watu waache kwenda kwa vikundi. Peke yangu nisingejua mgongo wa kutazama, na darubini ya aina ile bei yake siiwezi. Wala simlaumu anayefurahia ndege mgeni. Mimi mwenyewe nilipomwona kwa mara ya kwanza yule ndege aitwaye mpindua kokoto, ambaye tunaye pia kwenye hori la Mida kule Watamu, nilipiga kelele hadi nikanyamazishwa. Ninachotaka ni kidogo: Agosti kikundi kisimame mahali pamoja saa mbili nzima, tangu maji yakijaa mpaka yaanze kutoka. Simu ziingie mfukoni. Anayetaka kufuata adimu aende, asiwaburute wanaojifunza.

Sisi wawili tulisimama. Saa ya maji kutoka ghubani ilipofika, kundi lote liliinuka kwa pamoja, likageuka mara moja, tumbo nyeupe zikang'aa, halafu bwawa likabaki na nyayo tu kwenye tope, ndogo kuliko ukucha wangu.

Wenzetu walirudi wamelowa hadi magotini. Yule adimu walikuwa wamemwona, kwa sekunde chache, kabla hajaruka. Kiongozi akauliza sisi tumeona nini.

"Vitwitwi," mama akajibu, akaendelea kufuta tope kwenye gambuti langu kwa kijiti.