Vuruga Msimbo Ukitaka, Lakini Funguo Ziache Kwenye Seva

Ukimpa mtu APK, lile faili la kusakinishia app ya Android, umempa msimbo wako. Madevelopa wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini faili la APK ni zipu tu. Lifungue kwa JADX, programu ya bure kabisa, na baada ya muda mfupi unasoma Java inayokaribiana sana na ile aliyoiandika mwenyewe. Ndiyo maana kila kijana anayeanza kuuza kazi zake huuliza swali lile lile: niuvuruge vipi msimbo wangu, yaani niufanye usisomeke na watu, wasiniibie?

Vuruga, sina tatizo. Kwenye Android hugharimiki chochote: R8 ndiyo inayofanya kazi hiyo kwenye zana za Google tangu 2019, na kuiwasha ni mstari mmoja. Ila tazama kinachobaki baada ya hapo. Funksheni iliyoitwa kokotoaRiba, inayopokea mkopo na siku, sasa inaitwa a, na inapokea i na i2. Majina yamekufa. Lakini kiwango cha riba kipo pale pale, na anwani ya seva ipo herufi kwa herufi, maana R8 haifichi maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu. Mtu anayetafuta kitu hasomi kuanzia ukurasa wa kwanza. Anaandika "https" kwenye kisanduku cha kutafutia, basi.

Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu mara nyingi jirani ya anwani hiyo kuna funguo, yaani maneno ya siri yanayoiruhusu app kutumia huduma fulani. Wapo wanaofungia ndani ya app funguo za Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom (mlango ambao programu nyingine huutumia kuzungumza na M-Pesa), kisha wanajipa moyo kwamba msimbo umevurugwa. Mwenye funguo hizo anaweza kuwatumia watu maombi ya malipo kwa jina la biashara ya mteja wako. Funguo zikae kwenye seva. Simu iombe seva, seva ndiyo izungumze na Daraja. Hata kanuni ya biashara unayoionea wivu, ipeleke huko huko. Kisichokuwemo ndani ya simu hakichimbuliwi.

Wakubwa kuliko sisi walishajaribu njia ya kuficha. Siri za kufungulia DVD ziliwekwa ndani ya vichezeshi vyenyewe, na mwaka 1999 ikatoka DeCSS, programu ya kuzifungua, na siri ikaisha. Mwaka 2001 mwanasayansi wa kompyuta Boaz Barak na wenzake wakathibitisha kihisabati kwamba hakuna mashine moja ya kuvuruga inayoweza kuficha siri za kila programu. Kwa hiyo tunachonunua ni muda tu, na muda una bei: R8 ikibadilisha majina ya sehemu zinazosomwa na Gson, maktaba inayogeuza data ya seva kuwa vitu vya Java, data kutoka kwenye seva inaingia tupu, tena kwenye toleo la sokoni tu, wakati kwako kila kitu kilikuwa shwari. Na ukipoteza faili la mapping.txt linalorudisha majina ya asili, ripoti za app kuanguka zinakuwa fumbo hata kwako.

Wanaoandika mifumo ya tovuti kwa lugha ya PHP wana balaa lao. Mtu anafunga mfumo wa shule kwa ionCube, zana ya kuficha msimbo wa PHP, mteja anahamia kwenye hosting isiyo na loda yake, ile programu ya kuufungulia, mfumo unakufa siku ya kutoa matokeo. Wengine hutumia eval na base64, yaani msimbo unageuzwa kuwa mlolongo wa herufi unaofunguliwa wakati wa kuendeshwa, mtindo ule ule wa virusi vya tovuti, kisha wanashangaa skana ya hosting ikiufuta.

Tuseme ukweli, hapa kwetu wengi hawamwogopi mwizi wa msimbo. Wanamwogopa mteja asiyemalizia malipo. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, inayolinda programu za kompyuta kama kazi za fasihi, inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani bila mkataba, huenda unamfichia mtu mali yake mwenyewe! Ukitaka ibaki yako, andika hivyo kabla hujaanza kazi, mtie saini wote wawili.

Mimi huchukua nusu mwanzoni, na mfumo unabaki kwenye seva yangu mteja akiujaribu hadi malipo ya mwisho yaingie. Yakiingia, namkabidhi kila kitu kikiwa kinasomeka, na mapping.txt juu yake.