Nakala ya wingu kwa NAS ya nyumbani: uliza gharama ya kurudisha kwanza

Watu wengi wakishanunua NAS ya diski mbili, yaani kisanduku cha kuhifadhi mafaili ya nyumba kupitia mtandao, na kuiwekea RAID 1, ambapo kila diski hubeba kilekile kilicho kwenye nyingine, huona wamemaliza. Hawajamaliza. RAID inakukinga na kifo cha diski moja, basi. Ukifuta folda ya picha kimakosa, imefutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba vyote. Mwezi Januari 2022 virusi vya Deadbolt vilivamia NAS za kampuni ya QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, vikafunga mafaili na kudai bitcoin. RAID haina dawa ya hilo, wala kulandanisha NAS na Google Drive peke yake hakutoshi, kwa sababu faili bovu hupanda huko juu na kufunika lile zima.

Kwa hiyo lazima nakala moja ikae nje ya nyumba, na iwe na matoleo ya zamani. Hapo ndipo mtu hufungua kurasa za bei, akachagua terabaiti iliyo rahisi kuliko zote, akapotea. Swali la kwanza liwe hili: siku NAS ikifa, kuvirudisha vitu vyangu kutachukua siku ngapi na dola ngapi?

Chukua Glacier Deep Archive, hifadhi ya wingu ya Amazon kwa data isiyoguswa mara kwa mara. Kwa seva za Virginia, terabaiti moja ni takriban dola 1 kwa mwezi. Lakini kuitoa kunaanza na maombi, kisha kusubiri saa 12, au hadi 48 ukichagua njia ya bei nafuu. Halafu kila gigabaiti inayotoka hutozwa senti 9 za dola, baada ya gigabaiti 100 za bure kwa mwezi. Kwa terabaiti 2 hiyo ni dola 170 hivi, bila ada ya maombi yenyewe. Zaidi ya hapo, programu za kuchukua nakala kama restic huhitaji kusoma vipande vya zamani zinapokagua na kusafisha nakala; vikiwa Glacier havisomeki papo hapo, na kazi inakwama.

Wasabi, huduma nyingine ya wingu, haitozi kutoa data mradi kwa mwezi usitoe zaidi ya ulichohifadhi, ila hutoza angalau terabaiti 1 na angalau siku 90 kwa kila faili. Kwa picha za familia zisizobadilika hilo halisumbui. Kwa hifadhidata inayobadilika kila usiku, vipande ulivyokwisha kuvifuta vinaendelea kulipiwa, na bili inavimba bila wewe kuelewa sababu.

Kwa nyumba nyingi ningependekeza Backblaze B2. Bei ilipanda hadi dola 6 kwa terabaiti Oktoba 2023, lakini kila mwezi unaruhusiwa kutoa bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Usiichanganye na huduma yao ya kompyuta binafsi isiyo na kikomo. Ile haigusi NAS. Kuna mtego mmoja: faili linalofutwa na Hyper Backup, programu ya nakala ya NAS za Synology, huko B2 hufichwa tu, na unaendelea kulilipia. Ingia kwenye mipangilio ya baketi (chombo cha mafaili yako huko B2), uchague kubakiza toleo la mwisho pekee. Matoleo ya zamani Hyper Backup inayatunza yenyewe.

Sasa laini yako. Pima kasi ya kupakia, maana vifurushi vingi hutangaza ile ya kupakua. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja inahitaji siku 9 na saa kadhaa bila kupumzika. Kwa megabiti 5, zaidi ya siku 18. Kama kifurushi kina kikomo cha matumizi ya haki, utakigonga kabla ya kumaliza. Anza na hati na picha. Sinema acha, zinapatikana tena. Kwenye restic, weka --limit-upload 500, yaani karibu megabiti 4 kwa sekunde, ili wengine nyumbani wasikose intaneti. Na ukiwa Afrika Mashariki, kumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini: ratiba inayojaribu tena yenyewe si anasa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, restic huacha kufuli, alama inayozuia kazi inayofuata. Amri ya restic unlock huiondoa. Dawa yenyewe ni UPS, betri ya akiba iliyounganishwa na NAS kwa USB, ili izime kwa utaratibu.

Washa usimbaji fiche kabla ya kupakia chochote. Hyper Backup itakupa faili la ufunguo la .pem. Ukiliweka ndani ya NAS hiyo hiyo, umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Liweke kwenye flashi iliyo kwa ndugu, pamoja na nenosiri lililoandikwa kwa kalamu.

Malipo nayo hukwamisha wengi. Kadi pepe isiyo na salio siku ya makato hukataliwa, onyo linakwenda kwenye barua pepe isiyosomwa, na akaunti isiyolipwa hatimaye hufutwa pamoja na data. Tumia barua pepe unayoifungua kila siku.

Kila baada ya miezi mitatu, zima NAS, pakua nakala kutoka B2 hadi kompyuta nyingine, urudishe folda moja kwa Hyper Backup Explorer, programu ya Synology ya kufungua nakala hizo. Fungua picha zenyewe, cheza video hadi mwisho. Orodha ya majina ya mafaili haitoshi kuwa ushahidi.