Moto Usiomulika Ukuta

Jumamosi nilikuwa Ndeeba, mtaa wa Kampala, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mbovu, naangalia filamu fupi za vijana. Ikaja katuni ya masanamu, yale unayoyasogeza kidogo kidogo na kuyapiga picha moja moja. Bibi kaketi jikoni, kavaa lubugo halisi, gome la mti wa mutuba lililokatwa kadiri ya kiganja na kushonwa na mtu mwenye subira kuliko mimi. Anageuza shingo, anakohoa, anasogeza kuni. Nikaona wivu, na mimi simwonei wivu mtu ovyo. Kisha bibi akainama, akapuliza mafigani.

Moto ukawaka. Moto wa kupakua intaneti, una cheche, una moshi, una kila kitu isipokuwa nuru. Uso wa bibi ukabaki na rangi ya saa sita mchana. Sufuria haikupata hata chembe ya wekundu. Ukuta ulio shubiri moja nyuma yake ukanyamaza kama haujaona kitu. Na kivuli chake, jamani, kivuli kikaendelea kulala palepale kilipokuwa: kuelekea motoni! Jirani yangu akapiga makofi, akasema, "Kama ya Wazungu!" Nikameza mate.

Msidhani nakuja na ule wimbo wa kwamba kompyuta imeua sanaa. Mwaka fulani nilijifanya mtakatifu, nikawasha tadooba, kile kitaa cha mafuta ya taa, ndani ya jiko la maboksi na nyuzi za mgomba. Kati ya picha na picha zinapita dakika mbili unamkunja sanamu kidole, na mwali haukungoji. Kila picha umesimama kivyake. Ukizicheza pamoja, moto unarukaruka kama mwenye kifafa. Picha ya thelathini na kitu, paa likashika. Kwa hiyo moto uwekwe baadaye, kwenye kompyuta, sibishi. Radi pia. Na wanaotumia programu kufuta ule mwanga unaopepesa kwa sababu lenzi haijifungi sawasawa kila picha, nawasamehe, maana nami nimo.

Ninachobishia ni kufikiri kwamba moto ni ule ulimi wa rangi ya chungwa. Kaa jikoni usiku, tazama. Ulimi wenyewe ni kitu kidogo. Moto ni paji la uso linalong'aa huku macho yamebaki gizani, ni vivuli vya masufuria vinavyopanda ukutani na kushuka, ni moshi wa miaka kwenye makuti unaotokeza na kupotea. Hayo programu haiyajui. Haijui kuwa pua ya bibi imechomoza. Kwake bibi ni picha bapa, karatasi tu.

Sanamu lakini lipo! Limekaa mezani, lina pua, lina mikunjo ya lubugo inayomeza mwanga tofauti kabisa na shanga za shingoni. Basi lipige picha mara mbili. Kila mkao, picha ya kwanza kwa taa zako za kawaida. Halafu usiguse kitu, zima zote, washa kitaa kimoja kidogo kilichofunikwa nailoni ya chungwa, kimefichwa pale penye mafiga, piga ya pili. Ukimaliza una filamu mbili za bibi yuleyule. Kwenye kompyuta unazilaza moja juu ya nyingine kwa kujumlisha, kwa sababu mwanga hujumlika: taa hii na taa ile ni sawa na zote mbili pamoja. Leya ya chungwa, yaani ile filamu ya pili, unaipandisha na kuishusha utakavyo, na hapo ukuta unapumua, pua inatoa kivuli chake yenyewe. Ule ulimi wa kupakua unaubandika mwisho kabisa, mdogo, karibu hakuna anayeuona.

Na huo moto wa kupakua upunguzeni mwendo! Sanamu linabadilika mara 12 kwa sekunde, moto mara 24. Jicho halijui hesabu lakini linajua kwamba hawa wawili hawaishi nyumba moja. Halafu pigeni RAW, faili ghafi la kamera lenye ngazi nyingi zaidi za mwanga. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na mwanga unaofifia ukutani unageuka ngazi za kweli, za kupandia.

Mtaniambia wale watengeneza filamu za mapigano wa Wakaliga, hapa Kampala, kwa kompyuta zilizoungwaungwa kwa vipuri, wametumwagia risasi na milipuko na hakuna aliyeuliza kivuli. Kweli. Ila kule tunakwenda kucheka, nao wanajua tunakwenda kucheka. Bibi huyu hakutaka tucheke.

Gharama ipo, sikatai. Kazi inakuwa maradufu, na umeme wetu unaujua: unakatika kwenye mkao wa hamsini, ukirudi taa zinawaka kwa hasira nyingine. Hapo ndipo kitaa cha betri kinapokuwa rafiki.

Nilimtafuta nje yule kijana aliyetengeneza katuni, anakula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Nikamsifu bibi kwanza, adabu ni adabu, ndipo nikautaja ukuta.

"Mzee," akasema, "watu hawaangalii ukuta. Wanaangalia moto."

"Mwanangu, kama hawaangalii, kwa nini uliupaka masizi kwa mkono?"

Akatafuna muda mrefu. Kumbe masizi aliyapaka siku mbili, kwa mswaki. Tukahesabu pale kwenye kiganja chake: moto unakaa sekunde 9, mikao 108, picha 216, na ya zamani haifai kuchanganywa kwa sababu bibi hawezi kurudi kwenye mikao ileile. Yote upya. Nilidhani atanitukana.

"Seti bado ipo?" nikauliza.

"Ipo, chini ya kitanda. Panya wamekula upande mmoja."

"Upande gani?"

"Ukuta wa nyuma."

Nimekwenda jana na gundi na maboksi.