Mgombea wa tatu Marekani huanguka kwenye karatasi kabla ya kura

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, sisi tulio huku tunaulizwa swali lile lile kutoka nyumbani: nchi kubwa namna hiyo, mbona wagombea wawili tu? Wapo wengi. Ila wengi wao huishia kwenye makaratasi.

Tanzania mgombea urais anachukua fomu Tume ya Uchaguzi, anatafuta wadhamini 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ya Zanzibar, anaweka dhamana ya shilingi milioni moja. Huku hakuna Tume moja ya kukupa fomu. Kila jimbo lina sheria yake. Tennessee inaridhika na sahihi 275 za wapiga kura. Texas, mwaka 2024, ilimdai mgombea binafsi sahihi 113,151, zikusanywe kati ya Machi 6 na Mei 13, na aliyepiga kura kwenye mchujo wa chama haruhusiwi kusaini. New York ni 45,000 ndani ya wiki sita.

Ukishazipata, zinaanza kukatwa. Anwani hailingani na daftari la wapiga kura, mtu kasaini mara mbili, mwingine hajajiandikisha kabisa. Ndiyo maana wazoefu hukusanya ziada kubwa na kukodi makampuni yanayolipa kwa kila sahihi. Mkusanyaji anayelipwa hivyo, kasimama nje ya supamaketi, hana muda wa kukuhoji kama umo kwenye daftari. Robert F. Kennedy Jr., mgombea binafsi wa urais, aliondolewa New York Agosti 2024 kwa sababu mahakama iliona anwani aliyojaza si makazi yake halisi. Mwezi huo huo akasitisha kampeni na kuomba Michigan na Wisconsin zitoe jina lake kwenye karatasi za kura, zikakataa. Kuingia kazi, kutoka kazi.

Mfano mkubwa ni Ralph Nader, mtetezi wa walaji aliyejijengea jina miaka ya 1960 kwa kuwabana watengenezaji wa magari. Aligombea mara nne mfululizo, 1996 hadi 2008. Kilele chake ni mwaka 2000 kwa tiketi ya chama cha Green: kura karibu milioni 2.9, yaani asilimia 2.7. Alikuwa anaisaka asilimia 5, inayokifungulia chama ruzuku ya serikali kwa uchaguzi unaofuata. Mdahalo hakuuona, maana sharti lilikuwa asilimia 15 kwenye tafiti za maoni ya wapiga kura. Florida alipata kura 97,488, na Bush wa Republican akamshinda Gore wa Democrats kwa 537. Lawama zote zikamwangukia yeye, kwamba kamnyang'anya Gore kura. Mwaka 2004 Democrats walimfuata mahakamani jimbo kwa jimbo. Pennsylvania akaondolewa na kubebeshwa gharama za kesi zaidi ya dola 80,000.

Mimi simlaumu Nader, nalaumu hesabu. Florida anayeongoza hata kwa kura moja anazoa wajumbe wote wa jimbo hilo, na hao wajumbe ndio wanaomchagua rais. Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima mwaka 1992, na mjumbe hata mmoja hakupata. Jirani zetu Kenya wanataka asilimia 50 na kura moja, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo duru ya pili. Kwa utaratibu huo wapiga kura wa Nader wangerudi kituoni kuamua kati ya Bush na Gore, na hakuna ambaye angemwita mharibifu.

Sisi Watanzania tusicheke sana. Kwetu pia anayeongoza ndiye mshindi, na mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa ushindi Mchungaji Mtikila, aliyeipinga marufuku hiyo, tangu 2013. Na ile fomu moja ya Tume niliyoitaja ina ubaya wake. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, alienguliwa Agosti 2025, Mahakama Kuu ikamrudisha Septemba, siku chache baadaye Tume ikamwengua tena kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nader alipofungiwa Pennsylvania, jina lake lilibaki kwenye karatasi za majimbo zaidi ya 30. Mpina alitoka nchi nzima kwa uamuzi mmoja.