Kipimo cha mia tano

Mwaka jana nilifanya kitu kilichomchekesha mume wangu mpaka akakaa chini. Kila nilipomtuma mtoto dukani kwa Mangi kununua mafuta ya kula ya shilingi 500, nilichukua kile kichupa na kukimimina kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja niliyoiweka dirishani. Mafuta ya kupikia nilikuwa nachota kwenye dumu aliloniachia dada alipohama. Kila siku nikipiga mstari kwa kalamu pale yalipoishia. Chupa ilijaa siku ya 14. Kumbe lita moja nainunua kwa 7,000, wakati kwenye rafu ya Mangi huyo huyo, juu kidogo ya kichwa chake, lita iliyofungwa kiwandani ilikuwa 5,500.

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kilichokuwa kinajaa ni cha Mangi.

Simlaumu. Anapima, anamwagikiwa, anakopesha watu ambao wakipata hela wanapita njia ya nyuma. Ninaogombana nao ni wale wanaotuhubiria kila siku mitandaoni: acha soda, acha chipsi mayai, utajenga. Jamani, kwa kipato chetu anasa zenyewe ziko wapi? Hela yetu inaishia kwenye vitu ambavyo huwezi kuviacha, mafuta, mkaa, sabuni, maji, umeme, na inaisha haraka kwa sababu tunavinunua kwa vipimo. Mwenye nacho ananunua gunia kwa bei ya chini, asiye nacho ananunua kopo kwa bei ya juu. Kwa hiyo mazoea ninayoyatetea mimi ni hayo tu: kutoka kwenye kipimo, kitu kimoja baada ya kingine. Ukitaka kutoka kwenye vyote mwezi mmoja utashindwa na utarudi kwa Mangi na aibu.

Nilianza na mafuta. Nilipoanza kununua lita, ile 1,500 iliyobaki niliitumbukiza kwenye kibubu palepale, kabla haijajua njia ya kwenda kwingine. Miezi kadhaa baadaye nikaongezea kidogo, nikanunua dumu la lita 5 kwa 24,500. Hizo lita 5 kwa vipimo vya mia tano ni vipimo 70, yaani 35,000. Hapo 10,500 imebaki nyumbani kwangu, na sijamnyima mtu chakula.

Ila dumu nalo lina majaribu yake ambayo wahubiri hawayasemi. Mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mwepesi. Wiki ya kwanza tulikula maandazi siku tatu, na samaki walikuwa wanaogelea. Na majirani walishaliona likishuka kwenye bodaboda: "Shoga, nigaie kidogo tu." Sasa dumu linakaa uvunguni. Kila siku namimina kwenye kile kichupa cha zamani cha kipimo, na jikoni kinachoonekana ni hicho. Majirani nawagaia, lakini kwa kijiko.

Kwa mchele na maharage peke yangu nisingeweza. Tuko wanawake watano hapa uani, tunachanga mwisho wa mwezi, wawili wanakwenda Tandale sokoni, nauli ya bajaji tunagawana, gunia likifika tunapimiana kwa mizani. Ni mchezo wa kuchangiana kama michezo mingine, tofauti ni kwamba zamu haimpi mtu hela ya kununulia kitenge.

Tukija kwenye mkaa, wengi wetu tunaunguza hela kwa kukosa subira. Maharage makavu ukiyabandika moja kwa moja utakaa nayo mchana kutwa. Yaloweke tangu usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, bandika na mfuniko juu. Bibi yangu alikuwa na ujuzi zaidi ambao utotoni niliuona kama uchawi. Akishayachemsha sana kwa kama nusu saa, alitoa sufuria motoni likiwa bado linatokota, mfuniko hafunui, analizungushia khanga kuukuu na blanketi, analididimiza kwenye kapu na kuweka mto juu. Alikwenda shamba. Akirudi, maharage yameiva yenyewe na ya moto bado, naye anayarudisha jikoni kidogo tu kuyaunga. Mimi nafanya hivyo siku ninazokwenda kazini. Makaa yaliyobaki nayazima, kesho yanawashia chai.

Umeme ndiyo unaoniuma kuliko vyote, kwa sababu huko anayetumia kidogo ndiye anayeuziwa kwa bei nafuu, na watu wengi hawajui. Hapa Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amewekewa bei yake. Kwenye LUKU yangu, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, uniti moja, na makato yake yote, imekuwa ikinijia kama shilingi 122. Ukivuka ukahamishiwa kundi la juu, ni kama 356. Sasa fikiria nyumba ya kupanga yenye familia tatu kwenye mita moja. Kila familia inatumia uniti 40, jumla 120, wote wako bei ya juu: 14,240 kila mmoja. Kila familia ingekuwa na mita yake ingelipa 4,880. Tulikaa nyumba kama hiyo miaka minne tukigombania nani kaacha taa ya bafuni, kumbe taa haikuwa na kosa. Zile mita ndogo za kugawana anazofunga mwenye nyumba zinamaliza ugomvi, bei haziishushi. Ukitafuta chumba, kabla hujauliza choo kiko wapi, uliza mita.

Na ukishakuwa na yako, ilinde. Pasi ya wati 1,000 ikikaa moto saa nzima inaweza kula hadi uniti moja, kwa hiyo sare za wiki nzima napiga Jumapili kwa mkupuo mmoja. Maji ya chai nachemsha mara moja, yanakwenda kwenye chupa ya chai mpaka usiku. Kila Jumapili hiyo hiyo nasoma mita na kuandika nyuma ya kalenda.

Mengine ni madogo. Hela ya simu natoa mara moja kwa wiki, maana kutoa elfu mbili mara tano ni kulipa makato mara tano. Kikapu cha ukili kinaning'inia nyuma ya mlango, kwani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 nilishanunua mifuko mbadala ya kutosha kufungua duka.

Ile chupa yenye mistari ya kalamu bado iko dirishani. Wiki hii nimeikausha, naimwagia sabuni ya unga ya vipakiti vya mia mbili. Mume wangu hacheki tena. Jana alipoingia hata viatu hajavua, akauliza, "Imefika wapi?"