Joshua Redman ni mtoto wa mcheza ngoma

Akitajwa Joshua Redman, mpuliza saksafoni wa Marekani, papo hapo hufuata jina la baba yake, Dewey Redman, naye mpuliza saksafoni, aliyepiga na wanajazz Ornette Coleman na Keith Jarrett. Dewey anastahili sifa zake. Lakini Joshua alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1969, akalelewa huko na mama peke yake. Mama huyo, Renee Shedroff, alikuwa mcheza ngoma na mkutubi. Anayetaka kujua mapigo ya mwana yalianzia wapi aanze kwa mama.

Shedroff alijifunza ngoma ya kusini mwa India katika Center for World Music, palepale Berkeley. Katika Bharatanatyam, ngoma maarufu zaidi ya upande huo, mwalimu hutamka silabi: ta-ki-ta kwa mapigo matatu, ta-ka-di-mi kwa manne, ta-ka-ta-ki-ta kwa matano, huku akigonga kibao kwa kijiti, na miguu inajibu. Mzunguko wa adi tala una mapigo 8, nao huhesabiwa kwa mkono: kofi, vidole vitatu kuanzia kile kidogo, kisha kofi na kugeuza kiganja, kofi na kugeuza tena. Hatua ileile huchezwa kwa kasi tatu: kishindo kimoja kwa kila pigo, halafu viwili, halafu vinne. Hapo wanafunzi wengi hukwama. Vishindo vikiongezeka, mzunguko nao unakimbizwa. Au magoti yananyooka, mguu unapanda juu mno na kuchelewa kutua. Dawa yake ni kuuacha mkono uende mwendo uleule, miguu ndiyo iongeze.

Mpiga jazz anahitaji stadi hiyohiyo. Wimbo wa kawaida wa mtindo wa blues huzunguka kwa baa 12, yaani mafungu 12 ya mapigo. Mpulizaji anaweza kumimina noti anavyotaka, ila akipoteza mahali alipo kwenye mzunguko, bendi nzima inamsikia amepotea. Naamini mtoto aliyekulia karibu na ngoma ya namna hii huingia kwenye jazz hesabu ikiwa tayari mwilini.

Masomo ya mwanzo ya Joshua ya kubuni muziki papo kwa papo yalikuwa ya filimbi, kwa Jody Diamond, mpiga gamelan, muziki wa Indonesia ambao upatu mkubwa (gong) hufunga kila mzunguko. Klarineti ilikuja akiwa na miaka 9, saksafoni ya tenor mwaka mmoja baadaye. Alihitimu Harvard mwaka 1991, akakubaliwa kusoma sheria Yale, akaahirisha. Novemba mwaka huohuo akashinda shindano la saksafoni la Thelonious Monk.

Waandishi wa jazz humpa Shedroff nusu sentensi: mcheza ngoma, mkutubi, basi. Watakaomhoji Joshua tena wamuulize kuhusu miguu ya mama yake kwa undani uleule wanaomuulizia saksafoni ya baba.