Nyumba ya mama si stoo yetu

Wiki mbili zilizopita nilipanda Kibosho, kule kwetu mlimani Kilimanjaro, kumwona mama, na usiku nikalala kwenye kiti. Nyumba si ndogo. Baba aliijenga ya vyumba vinne kwa fedha ya kahawa na mshahara wa ualimu, na watoto sita tulikulia humo, mgeni akija anapata pa kulala. Leo mama anaishi na mjukuu mmoja tu, na hakuna pa kumlaza mtu. Chumba cha wavulana kina friji mbili zisizogandisha, makochi mawili yaliyotoka sponji na jiko la gesi lililooza chini. Chumba cha wasichana kina runinga nne za chogo, zimepangwa kama matofali. Chini ya kitanda cha mama mwenyewe nilihesabu chupa za chai 11, nyingi hazitunzi joto hata hadi saa nne asubuhi.

Vitu vyote hivyo vina wenyewe, na wenyewe ni sisi. Friji moja ni ya dada yangu wa Dar, nyingine ya mdogo wangu wa Arusha. Runinga ni za kila mmoja wetu, tangu 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa huku kaskazini na kila mtu akapata sababu ya kununua ya bapa. Kochi moja ni langu. Nililipandisha Desemba kutoka Pasua, mjini Moshi ninakoishi, nikalipa kirikuu, kigari cha mizigo, Sh 40,000, na njia nzima nilijiona mtoto anayemkumbuka mama yake. Mbao yake ya kati ilikuwa imevunjika na nilijua.

Asubuhi nilimuuliza, "Mama, kwa nini vitu hivi huvigawi?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia auze kihamba, shamba la ukoo. "Nitavigawaje, mwanangu? Si vitu vyenu?"

Ndipo akanieleza habari ya godoro, na mimi tangu siku ile sijatulia.

Ng'ambo ya mfereji kuna binti wa jirani aliyejifungua mwezi wa nne, katikati ya masika. Alikuwa analala na mtoto kwenye mkeka na kigodoro kilichobaki kama chapati. Mama alikwenda kumpa pole ya uzazi, akaona. Kwake ndani kulikuwa na godoro la inchi 8, futi 5 kwa 6, bado kwenye nailoni yake, lililoletwa na kaka yetu mkubwa alipobadilisha kitanda. Mama hakulichukua akampelekea. Alimpigia kaka simu kwanza, kumwomba ruhusa. Mwanamke wa miaka 74, ndani ya nyumba yake, anamwomba ruhusa mtoto aliyemzaa. Na kaka akajibu, "Usilitoe mama, Desemba tutakuja na watoto, tutalilalia."

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile mnayoijua nyote mliozaliwa juu, mama alilifungua ili alianike juani. Panya walikuwa wamezalia ndani. Upande mzima ni unga. Mtoto wa ng'ambo ya mfereji hakulilalia, na watoto wa kaka hawatalilalia. Mama alilichoma nyuma ya migomba, na anasema moshi ule ulimkaba siku mbili. Sponji ya godoro ikiungua inatoa hewa ya sumu, haifai kuchomwa karibu na mtu, lakini angelipeleka wapi? Gari la taka halipiti huko.

Sina haja ya kumsema kaka peke yake. Ningekuwa mimi ningejibu vilevile, na najua nyumba nyingi kuanzia Siha hadi Rombo zenye chumba cha namna hii. Tunasema "napeleka nyumbani". Neno tamu. Kitu kikichakaa mjini hatusemi kimekufa, tunasema kinakwenda nyumbani. Tunamwachia mama kazi ya kuzika vitu vyetu, na tena tunamnyima ruhusa ya kuchimba kaburi.

Mtaniambia methali: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Ni kweli, kilichokuchosha wewe mwingine anakililia. Lakini chungu alilifuata ganda kwa miguu yake. Hakuna aliyelibeba akaliweka mlangoni kwake na kumwambia litunze, nitarudi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hatukuanza hivi kwa ubaya. Kwa mama kila kitu kilikuwa na thamani. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 haukufunguliwa hadi 1983, halafu vita vya Kagera, halafu foleni za sabuni na sukari. Ukiwa mama wa watoto wadogo Kilimanjaro miaka ile, kopo tupu la mafuta ya kupikia lilikuwa mali. Lilikuwa kikombe, lilikuwa pishi, lilikuwa taa. Blanketi la kwanza nililompelekea mama kwa mshahara wangu alilifunika magotini akaomba sala. Kupeleka nyumbani kulikuwa kupeleka kizuri. Lini tukageuza, tukaanza kubakiza kizuri mjini na kupandisha kibovu, siwezi kutaja mwaka. Nadhani tulianza siku magari yalipokuwa mengi na kirikuu kikawa rahisi.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Kitu ambacho hujakiachia moyoni hujakitoa, hata kama kimelala kwenye nyumba ya mtu mwingine kwa miaka kumi. Mama hana friji mbili. Ana mzigo wa dada na mzigo wa mdogo wangu, anaufuta vumbi, anausogeza mvua ikivuja, anaulinda na wezi. Angepewa kweli angekuwa na haki tatu: kuutumia, kuukataa, na kumpa mwingine. Hana hata moja.

Na ugonjwa huo huo ndio unaotufanya tushindwe kupeana hata huku mjini, mlango kwa mlango. Mwaka jana tulikuwa na kabati la vyombo, zima kabisa, la mninga, vioo vyote vipo. Halikuingia kwenye nyumba mpya tuliyopanga. Nikawaambia majirani wa Pasua: anayelihitaji achukue, sitaki kitu. Likakaa barazani siku tatu. Mmoja aliuliza kama kuna aliyekufa. Mwingine aliuliza kama lina kunguni. Siku ya nne, saa mbili usiku, alikuja mama mmoja wa nyumba za nyuma, anayeuza maandazi asubuhi. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, hutakuja kunisimanga?"

Nilipata jibu haraka mno, nikasema hapana, hapana, na akaamini nusu. Kabati lilibebwa usiku ule ule na wanawe wawili, taa imezimwa.

Masimango. Aliyewahi kulelewa kwa ndugu analijua neno hili kwenye mifupa. "Hata hilo sweta ulilovaa nilikupa mimi." "Nani alikulipia nauli?" Mtu anapewa kitenge leo, anatajiwa mbele za watu baada ya miaka mitano, siku atakayokataa kwenda kuosha vyombo kwenye shughuli. Yule mama hakuogopa kunguni wala uchawi. Alikuwa anapiga hesabu ya bei ya bure, na kwetu bei ya bure hulipwa kwa kuinamisha kichwa kila unapokutana na aliyekupa. Sh 20,000 angelipa akamaliza. Kabati la bure lingeweza kumdai maisha yake yote. Anayempiga picha mjane akipokea ndoo, kisha akaitupia kwenye statasi, ameshaanza kumsimanga kabla hajafika nyumbani.

Kwa hiyo sikubali tunapolalamika kwamba watu hawapendi vya bure, au kwamba wana kiburi. Wanakipenda kitu, wanaiogopa kamba iliyofungwa nyuma yake. Kamba ile ile imefungwa kwenye godoro la kaka. Jirani anaogopa kupokea kwa sababu ya masimango, mama anaogopa kugawa kwa sababu "ni vyenu", na katikati yao panya wanazaa.

Wazee wa huku walikuwa na njia iliyonyooka. Mwenye ng'ombe wengi hakuwajaza wote kihambani kwake, na majani yenyewe yangetoka wapi? Aliwaweka kwa watu. Aliyewekewa alikata majani, akanywa maziwa, akapata mbolea ya migomba yake. Ng'ombe alibaki wa mwenyewe, na kila mtu alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ile ilikuwa azima yenye masharti ya wazi, na kwa sababu yalikuwa wazi hakuna aliyedhalilika. Hapa Moshi KPAP, shirika la kuwasaidia wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wanafanya kitu cha jamaa hiyo: mpagazi anayepanda mlima anaazima jaketi na mabuti bila malipo, anapanda nayo, anarudisha, mwingine anachukua. Naliheshimu sana jambo hilo. Jaketi lile la mgeni fulani lingekuwa limelala sandukuni, na mtu angekuwa anatetemeka kambini na mzigo kichwani. Azima iwe azima, na kutoa kuwe kutoa. Tunachofanya sisi hakina jina.

Binamu yangu aliyeko Marekani aliniambia kuhusu Freecycle, mtandao wa kupeana vitu bure majirani kwa majirani, ulioanzishwa na Deron Beal kule Tucson, Arizona, mwaka 2003. Kupeana bure hakukunishangaza. Kilichonishika ni kwamba mtu pia hutangaza anachokitafuta: natafuta kitanda cha mtoto, natafuta meza. Huku mhitaji hasemi, anasubiri kukisiwa, na sisi tunakisia kwa kutazama kilichotuchosha. Nimependekeza kwenye jumuiya yetu kwamba anayehitaji kitu amwambie mtu mmoja tu, mzee tunayemwamini, na mwenye nacho amwambie huyo huyo, na jina la mtoaji lisitajwe. Wamesema watalifikiria. Nitauliza tena.

Kuhusu vibovu, nina neno fupi. Kama hakiwaki, kipeleke kwa fundi kwanza au kiuze chuma chakavu huko huko mjini. Runinga ya chogo kioo chake kina madini ya risasi. Friji za zamani zina gesi ambayo mataifa yalikubaliana kuacha kuitumia tangu Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu ozoni, tabaka la hewa linalotukinga na miale mikali ya jua, na anayekuja kung'oa kompresa apate shaba anaiachia hewani, halafu bodi linatupwa korongoni, juu ya mfereji ambao watu wanakunywa. Usimpandishie mama yako hivyo.

Siku ile niliyolala kwenye kiti nilikaa hadi jioni. Nilituma ujumbe kwenye kundi la familia: mwenye kitu chake Kibosho ana mwezi mmoja kuja kukichukua, baada ya hapo vyote ni vya mama na atavifanya atakavyo. Dada alijibu, "Sawa, vya kwangu agawe leo." Mdogo wangu aliweka dole gumba. Kaka hajajibu hadi naandika haya.

Hatukusubiri mwezi kwa kitanda changu cha usichana, cha futi 4, kwa kuwa hicho mwenyewe ni mimi. Nilimwambia mama, "Hiki si changu tena. Ni chako." Akauliza mara mbili, "Changu kabisa?" Nikamwambia kabisa. Alivaa kanga ya pili, akavuka mfereji, akarudi na yule binti, mtoto mgongoni.

Binti alikitazama kitanda, akakipapasa kwenye kichwa, akasema, "Bibi, nitakuja kukichukua giza likiingia. Nipitie nyuma ya migomba."

Mama akasema, "Kwa nini? Umeiba?"

Nikashika tendegu zote nne na kamba. Binti akachukua ubao wa kichwani. Mama aliinama, akakusanya chaga zote saba, akajitwika kichwani bila kata, akatangulia. Alipita barabarani, pale mbele ya duka, saa kumi jioni watu wakitoka shamba, anawasalimia mmoja mmoja, na hakuna aliyemuuliza anapeleka wapi.